Vita vya Glavu ya Wendell Halvorsen

Nyamazeni, enyi watu wa bara na wa visiwani, na wewe uliye huko nyuma weka simu chini! Nawaletea habari ya ushujaa ambao majemadari wakiusikia watarudisha panga alani na kwenda kulala: jinsi Wendell Halvorsen, mwana wa Arne muuza matairi, alivyovua glavu ya mkono wa kulia mbele ya mji mzima wa Tamarack Falls, huko Wisconsin, siku ya mashindano ya kuvua samaki juu ya ziwa lililoganda.

Mnacheka? Haya, chekeni. Nyinyi hamkuwako. Mimi nilikuwako, pua imekufa ganzi na kahawa inapoa mkononi.

Jueni kwanza kwamba Wamarekani hawatulii mpaka mtawala wao wampe jina. Jackson walimwita Hikori Mzee, kwa ugumu wa mti huo. Lincoln akawa Mpasua Mbao. Coolidge, kwa uchache wa maneno yake, wakamwita Cal Mkimya. Wakubwa hao walikuwa na watu wa kuwapamba. Kwetu Tamarack Falls majina hutoka katika kinywa kimoja tu, kinywa cha Bibi Bernadette Wojcik, mjane, mstaafu wa kiwanda cha jibini, malkia wa jiko la soseji pale ziwani. Meya mmoja alisinzia kikaoni mara moja tu, bibi akamwita Mto, ule wa kitandani. Maskini alizikwa akiwa Mto, na kasisi mwenyewe nusura ateleze ulimi.

Basi Wendell alipogombea umeya mara ya kwanza, alikwenda alfajiri ya baridi kali kwenye lango la kiwanda kuwapa wafanyakazi mkono. Akawapa mkono wenye glavu! Yarabi! Mtu wa kwetu, hata kama mate yanaganda kabla hayajafika chini, huvua glavu akimsalimu mwenzake. Asiyevua amekuona uchafu. Bibi Wojcik, ambaye wakati huo alikuwa bado kazini, alinyoosha mkono mtupu, akapokea ngozi ya kondoo. Akautazama mkono wake, akamtazama Wendell, akanena neno moja: "Glavu." Kufika adhuhuri mji mzima ulikuwa unamwita Wendell Glavu, na kura zikamkimbia.

Umeya si kitu, wapo wengi walioukosa wakaendelea kula. Lakini jina lile lilishuka hadi kwa bintiye, Ingrid, ambaye shuleni wakamwita Kiglavu. Tangu hapo mtoto hakukubali kushikwa mkono na babake njiani. Kila jioni basi la shule lilipomshusha, alitangulia mbele peke yake, mikono mfukoni, na baba nyuma kama mtu asiyemjua. Hilo ndilo lililomuuma Wendell, na mimi niliyekuwa jirani yake nilikuwa nikiliona dirishani nikasikia vibaya.

Aligombea tena. Safari hii alikodi mshauri kutoka mji mkuu, Preston Goodale, fundi wa sura za watu, aliyemvika shati zito la miraba, akampa shoka begani na kubandika mabango kila nguzo: WENDELL SHOKA. Kwa silaha hizo jemadari wetu akashuka ziwani siku ile, Goodale ubavuni pake, umati ukafunguka njia, na mbele yao, nyuma ya moshi wa soseji, alisimama adui mwenye aproni.

"Ehee, Shoka!" akanguruma Bibi Wojcik. "Karibu mwanangu. Kuni zangu zimekwisha. Hebu nipasulie gogo hili tuone."

Watu wakaacha nyuzi zao za kuvulia ndani ya matundu ya barafu, wakasogea. Wendell akalitazama gogo. Gogo nalo, naapa, likamtazama.

"Piga picha tu, usipige gogo," akanong'ona Goodale.

"Shati lenyewe bado lina mikunjo ya dukani!" mtu akapiga kelele, na kicheko kikalizunguka ziwa.

Hapo shujaa akalitua shoka juu ya barafu. "Bibi," akasema, "sijapasua gogo tangu nizaliwe. Shati nimenunuliwa jana. Nimekuja kukusalimia."

Akaishika glavu yake. Goodale akamdaka kiwiko. "Una wazimu? Wataona!"

"Waone."

Enyi wasikilizaji, ngome zimewahi kuanguka kwa tabu ndogo kuliko ile! Glavu iling'ang'ania. Wendell akavuta kidole cha shahada, kikagoma. Akavuta cha kati, kikarudi ndani. Mwisho akaing'ata kwa meno kama simba mwenye njaa, akaing'oa, na mkono ukatoka hadharani ukifuka mvuke. Ulikuwa umelowa chepechepe. Jasho lilikuwa linadondoka.

Bibi Wojcik akaushika. Akaushikilia.

"Mbona umelowa hivi?"

"Nikiogopa watu, mkono hunitoka jasho, bibi. Tangu utotoni. Siku ile kiwandani niliona haya kukupa mkono wa namna hii. Sikukudharau hata kidogo."

Bibi akaliweka chini koleo la soseji, jambo ambalo hakuna aliye hai aliyewahi kuliona. "Sasa si ungesema, wewe mjinga?" akasema, na sauti yake haikuwa kali. "Miaka yote hii nimekuchukia bure." Kisha akaufuta mkono ule kwa aproni, akaugeuza, akatikisa kichwa. "Lakini Mungu wangu, unateleza kama samaki."

Goodale akafumba macho. Umati ukalipokea neno, ukalionja, ukalimeza. "Wendell Samaki!" wakapaaza sauti. "Samaki!" Na katika mji unaoning'iniza samaki wa mbao juu ya mlango wa kanisa, hiyo haikuwa aibu.

Goodale alitaka kuchapa mabango mapya usiku huohuo. Wendell akamlipa nauli ya kurudi kwao.

Jumatatu jioni basi la shule lilisimama. Nilikuwa dirishani, kama kawaida yangu ya umbeya. Ingrid akashuka, akasimama, akamngoja babake amfikie.

"Baba, leo wameniita Kisamaki."

"Pole, mama."

"Kile Kiglavu kimenyamaza," akasema. Akavua glavu yake ndogo nyekundu, akaitia mfukoni, akampa babake mkono.

Kwa hiyo andikeni, enyi makarani wa falme! Acheni nafasi kati ya Hikori na Mpasua Mbao. Mwandikeni Wendell Samaki, mshindi wa Tamarack Falls, aliyetembea jioni ile kutoka kituo cha basi hadi mlangoni kwake katika baridi ya kuua, mkono ukimtoka jasho, na mtoto hakuuachia.