Matundu Matatu Kwenye Boneti ya Fenya

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Pikipiki za Theluji,
Veselovka.

Ndugu Mwenyekiti,

Huna haya, Walter Strelaeff. Nimeanza na hilo nisije nikalisahau. Sasa nakuamkia kama barua inavyotaka: hujambo? Mkeo Nadya hajambo? Mimi mzima, ila moyo unachemka kuliko sufuria ya kabichi.

Shule nilisoma miaka minne tu, kwa hiyo makosa yako nitayapanga kwa namba, usije ukajifanya hukuelewa.

1. Jumamosi ulimwita mjukuu wangu Fenya gerejini kwako, mkaitoboa boneti ya pikipiki yake matundu matatu, kila moja kama mdomo wa kikombe. Boneti nzima, haina hata mkwaruzo! Nilipouliza, mwanamke wa miaka ishirini na sita akanijibu, “Bibi, inakabwa. Ikizama kwenye theluji laini njia ya hewa inaziba, injini inakosa pumzi.” Nikamwambia, “Ikikosa pumzi si urudi nyumbani?” Akacheka. Kicheko hicho ni chako, Walter, nakijua.

2. Mkataka kitambaa cha kufunika matundu, kipitishe hewa na kizuie theluji. Mkachukua changu cha kuchujia jibini. Pamba! Mama yako na mimi tulianika nguo kamba moja miaka kumi na moja. Hukuwahi kuona shati la pamba limeganda, limesimama lenyewe kama askari? Kitambaa kimerudi kigumu kama bati, kinanuka petroli. Jumapili wageni walikuja baada ya maombi nikawapa pirahi, vile vikate vyetu vya kujaza, za viazi vitupu bila jibini, wakala kwa huruma.

3. Pamba ilipowashinda, mkahamia kwenye soksi zangu ndefu za nailoni. Jozi nne. Nimesimama kwenye kwaya miguu mitupu, Mavra Kazakoff akaninong'oneza, “Lukeria, umerudi ujanani?”

4. Hili ndilo hasa. Miaka yote pikipiki ya Fenya ikifika juu mlimani, pale miti inapokoma, ilikuwa inakohoa. Inakohoa, inazima, anaigeuza, saa kumi jioni yuko mezani. Sikuwa na haja ya kumkataza, theluji ilinikatazia. Mashine ya babu yake Timofei haikukohoa mapema. Ilimvusha, na tukampata mwezi wa tano, theluji ilipoyeyuka. Sasa ninyi mmeipa ya Fenya mapafu. Alhamisi amerudi saa moja na nusu usiku, mashavu mekundu, anasema, “Bibi, nimefika ng'ambo ya mlima! Kweupe, hakuna hata alama ya sungura!” Supu nilikuwa nimeipasha moto mara tatu.

5. Kwa hiyo naiomba klabu, kwa adabu zote, ipitishe kwamba kila pikipiki lazima ikohoe pale miti inapokoma. Isiyokohoa izibwe matambara, nitayatoa mimi. Na kama hilo ni gumu, andikieni serikali ya jimbo ipande miti mpaka kileleni, ili pale miti inapokoma pasiwepo tena.

Msalimie Nadya, wasalimie wanachama wote, na Mavra ukimwona, ingawa hastahili.

Ni mimi, kwa heshima yako yote iliyobaki,
Lukeria Perepolkin.

Tanbihi. Barua hii imekaa mezani siku mbili kwa kukosa stempu, nami nikakaa nayo. Mashine inayokabwa upande huu inamrudisha mtu. Inayokabwa ng'ambo haimrudishi. Ya Timofei tuliikuta kule, njia ya hewa imejaa barafu. Na Fenya ameshaiona ng'ambo kwa macho yake, hakuna wa kumzuia tena. Basi jana nimeufumua ushonaji wenu, ambao ni aibu, nikashona upya: nailoni mara mbili, uzi wa kuvulia samaki, maana wa pamba unaloa. Lile tundu la chini linameza theluji. Lizibe, utoboe lingine juu, karibu na usukani. Halafu niletee boneti yako Ijumaa kabla ya saa sita nikushonee na wewe, kwa sababu Jumamosi akivuka pale havuki peke yake: utakuwa nyuma yake, Walter, hatua kumi, mpaka mezani kwangu. Na uje na soksi za Nadya. Zangu zimekwisha.