Gololi ya Dada

Jumatatu, 3 Juni

Dada amepiga simu. Anakuja! Jumamosi, basi la asubuhi. Tangu tulipokimbia nyumbani, yeye kwa njia ya mlimani, mimi kwa njia ya mtoni, tumekuwa sauti tu, na sauti yenyewe hukatikakatika. Akauliza atafikaje kwangu. Nikasema nitampokea kwa gari. Akauliza gari la nani. Hapo ulimi ukateleza: nikasema mimi ndiye fundi mkuu wa giaboksi za otomatiki mjini hapa.

Ukweli: fundi ni Mkwe, mume wa Binti. Mimi ni mwalimu mstaafu ninayefagia gereji yake na kuchemsha chai. Gari ni lake, limekaa juu ya mawe, na giaboksi yake imefumuliwa mezani vipande vipande.

Mpango: niwe fundi kabla ya Jumamosi. Nimemwomba Mkwe anipe kazi ya kusafisha. Ana adabu, hawezi kumkatalia baba mkwe. Alitazama dari kwanza. Kisha akasema sawa, Baba, ila mambo mawili: nisifute kitu kwa tambara, maana uzi mmoja wa pamba ukiingia kwenye vali, gia inagoma, na lile sinia la vali nisiliguse, hata kwa jicho. Nikaapa. Hata kwa jicho.

Jumanne, 4 Juni

Siku tukufu! Nimeosha vyuma kwa brashi na mafuta ya taa, nikavikausha kwa upepo wa kompresa. Upepo ukapeperusha kofia yangu hadi kwa jirani, Fundi Rangi, anayepaka magari rangi na kunipaka mimi maneno. Ameirudisha ina doa jekundu. Ati zawadi.

Mkwe amenifundisha kukagua sahani za klachi. Ya chuma iliyoungua huota madoa ya bluu. Nikaiona moja! Mkwe akasema una macho makali, Baba. Fundi Rangi akadakia kwamba bluu hata mbuzi huiona. Wivu, basi. Nimeoga mara mbili na bado nanukia ufundi.

Jumatano, 5 Juni

Mkwe alikwenda kununua sahani mpya. Nikapita karibu na sinia. Kupita tu. Loo! Springi zimelala ovyo, ndefu ubavuni mwa fupi, moja kando peke yake kama mtoto aliyeadhibiwa. Mwalimu ni mwalimu. Nikazipanga mstari, fupi mbele, ndefu nyuma, kama gwaride la asubuhi. Gololi za chuma zilizokaa kati ya springi nikazitia kwenye kikombe cha chai. Raha ya macho! Fundi Rangi akachungulia, akauliza kama sasa zitaimba.

Mkwe amerudi. Ameketi juu ya tairi. Akaniuliza polepole, Baba, ipi ilitoka tundu lipi? Nikamjibu kwamba nilikuta vurugu tupu. Kumbe vurugu ile ndiyo iliyokuwa ramani: kila springi ililazwa mahali ilipotoka. Binti alicheka hadi akashika ukuta. Ndipo Mkwe akatoa simu. Alikuwa amelipiga sinia picha tangu Jumatatu, pale pale aliponikubalia!

Nimeumia. Kijana asiyemwamini baba mkwe wake.

Kwa picha ile amerudisha kila kitu mahali pake. Isipokuwa gololi moja. Haionekani.

Alhamisi, 6 Juni

Ninayo mimi, mfukoni. Haikuibwa, imehifadhiwa. Zamani uani kwetu mimi na Dada tulikuwa na gololi moja ya chuma, tukiigombania kutwa. Siku ya kukimbia ilibaki katika ufa wa kizingiti. Kila akipiga simu huitaja, baada ya Mama, kabla ya kisima. Hii ni pacha wake. Nami nitampokea kwa kitu gani kingine?

Mpango: Mkwe naye asikose. Kwenye baiskeli mbovu nimechomoa gololi nyingine. Ndogo kidogo, lakini nani atapima? Nikaiviringisha chini ya meza, kisha nikaigundua kwa kelele. Mkwe aliizungusha vidoleni, akaitazama furaha yangu, akaamini. Akanishika bega, akasema ahsante, Baba. Bega limeniwasha kutwa nzima.

Jumamosi, 8 Juni

Gari limeshushwa, linang'aa. Nimevaa koti. Mkwe akatia gia ya mbele: kimya. Akatia ya nyuma: likatoka langoni kwa fahari, makalio mbele, hadi kwenye ndoo za Fundi Rangi. Kurudi, halikurudi. Fundi Rangi akasema gari hili linajua lilikotoka tu, kama Mzee wake.

Nikaenda stendi kwa miguu.

Dada ni mdogo kuliko sauti yake. Alikuwa amekalia furushi lililofungwa kwa fundo la Mama, lile la kuzungusha mara mbili na kuficha ncha. Tukashikana. Abiria wakatupita huku na huku kama maji yanavyolipita jiwe. Hatimaye akauliza gari liko wapi. Nikampa gololi badala ya jibu.

Akaibusu, akalia, akacheka, akauliza nimeitoa wapi. Nikamwambia yote. Akanitandika kofi la mgongoni, la dada mkubwa, halijapungua nguvu, akaniita jina langu la utotoni: Kijiti we, umelitoa gari la watu utumbo! Tulipofika hakuomba hata maji. Alimwendea Mkwe moja kwa moja, akamwekea gololi kiganjani. Akamwambia shika chuma chako, mwanangu. Mimi nimekuja kumwona huyu mwongo wangu.

Mkwe akainamisha kichwa. Nadhani alikuwa anacheka. Nadhani.

Jumatatu, 10 Juni

Gari linakwenda mbele. Mkwe hakunigombeza, amenipa ufagio mpya. Binti amemtandikia shangazi yake chumba cha uani, akae.

Mezani kuna giaboksi nyingine. Sinia limefunikwa. Dada amelifunua, kwa kuangalia tu. Amenieleza nilipokosea: nani alikwambia springi hupangwa kwa urefu? Hupangwa kwa unene! Sijui kwa nini wazo hilo halikunijia.

Kesho Mkwe anakwenda kununua oili. Dada ameshaosha kile kikombe.