Témoin Hapana Kuvunjika Mbele ya Samedi

Jeudi 4 octobre 2001

Ingénieur alifika leo ku kanisa ya matofali. Jina yake Roger, mutu wa Kasai. Serikali ilimutumaga huku Butembo mbele ya vita. Vita ikafunga njia ya kurudi, akabakia na sisi, yeye na kofia yake ya manjano. Abbé Élisée, curé wetu, njo alimwita. Sababu: mupasuko mu ukuta ya kaskazini. Mimi nasema ni mukunjo tu. Hata uso yangu iko na mikunjo, na sijaanguka.

Nilimuambia Ingénieur aulize mimi, maana ile kanisa nilijenga mimi. Mwaka 1947. Père wa Ubelgiji alikuwa anashika plan, mimi nashika truelle. Jirani yangu Maliro, maçon ya uzee kama mimi, alikuwa anapita. Alicheka mpaka akakaa chini. Akamuambia Ingénieur kama mu 1947 Syauswa, njo mimi, alikuwa na miaka kumi na mbili, na kazi yake ilikuwa kuleta maji. Nikajibu: bila maji, ciment ni vumbi. Ingénieur akaandika kitu mu karatasi. Nafikiri ni jina yangu.

Samedi ya tarehe 13, mujukuu wangu Séphora anaolewa mule ndani. Nilimuahidi tangu akiwa ku mugongo ya mama yake: utaolewa mu kanisa ya sokulu wako. Bakwe banatoka Mulekera, kule Beni, camion muzima. Niliisha kubaelezea kila tofali. Kanisa ikifungwa, nitaweka uso wapi?

Vendredi 5

Mvua tangu saa nane. Tonneau yetu ilijaa mbele ya zile za majirani. Hakuna nyumba mu quartier inakamata maji kama yangu.

Asubuhi nilikuwa chini ya dirisha ya sacristie. Kusikiliza hapana. Nilikuwa nachunguza matofali. Ingénieur alikuwa anaelezea Abbé. Swahili yake ni ya njiani, mutu na kitu byote anaita namna moja. Nilisikia na masikio yangu mbili: "Nimeweka témoin. Témoin ikivunjika mbele ya samedi, nafunga kanisa. Ndoa hakuna."

Nikasahau matofali yote. Témoin wa ndoa ni Jephté! Rafiki ya bwana-arusi, njo atasimama pembeni yake na kutia signature. Na kazi ya Jephté ni moto, ile pikipiki: anabeba batu Butembo–Beni, mashimo na basoda ya bunduki kwanzia huku mpaka kule. Kama kuna mutu mu hii Congo atavunjika mbele ya samedi, ni yeye. Sijue ni sheria gani inafunga kanisa juu ya mufupa ya mutu moja. Mais tuko mu vita, sheria mingi imebadilika.

Donc, kazi yangu ni kuchunga mifupa ya Jephté. Niko na plan.

Dimanche 7

Kisha misa, moto ya Jephté ilikuwa imesimama peke yake. Nikatoa bougie ya moteur. Kitu kidogo sana, inaingia mu mufuko ya koti. Jephté akapiga kick mpaka jasho ikamwangukia mu macho. Moto hapana kuwaka. Nikamupa pole. Nikamuambia ni afazali, atembee polepole, asipande kitu, asikimbie, asirukie mufereji, na mpaka samedi asikule samaki ya mifupa. Akaniuliza kama niko mugonjwa.

Bibi yangu Kanyere alikuta bougie mu koti, akauliza ni ya nini. Nikasema ni bougie ya kanisa. Akasema ile ya kanisa inawakaka na kiberiti. Huyu mwanamuke, miaka makumi ine na tano anauliza tu.

Lundi 8

Mubaya sana. Sababu moto hapana kuwaka, Jephté akakopa tshukudu, ile baiskeli ya miti, ashushe magunia ya viazi. Mu mushuko, gunia ikaenda mbele yake, yeye nyuma, tshukudu juu. Kidole moja ya mukono ya kushoto imevunjika!

Nikakimbia ku kanisa. Mimi, na miaka makumi sita na sita. Ingénieur alikuwa anachimbisha shimo pembeni ya ukuta. Nikamushika mukono, nikamuambia: "Ingénieur, témoin imevunjika, mais kidogo tu. Kidole moja. Na ni ya kushoto, ya kusaini iko muzima."

Akaangusha karatasi yake. Kisha akakimbia ku mupasuko, mimi nyuma. Pale akagusa kipande ya plâtre, nyeupe, kubwa kama kiganja, imebandikwa juu ya mupasuko, na tarehe juu yake: 4 octobre. Akapumua. Akasema nzima. Akanielezea kama hii plâtre njo inaitwaka témoin. Ukuta ikitembea, hata kidogo namna gani, plâtre inapasuka, na batu banajua mbele ya hatari.

Maliro alikuwa mu lile shimo na pioche. Alisikia byote. Mbele ya saa sita soko yote ilikuwa inaniuliza kidole ya kanisa inaendeleaje.

Na shimo yenyewe, nisifiche: balikuwa banatafuta fondation inaenda chini namna gani. Mimi nilikuwa nimesema metres mbili, mawe matupu, nilichimba mwenyewe. Maliro akasema mpaka ku magoti. Bakachimba. Mpaka ku magoti. Nikabaambia ile Père alikuwa mutu murefu sana, magoti yake ilikuwa ku metres mbili.

Bougie nilirudisha. Jephté anafikiri moto ilikuwa na mupepo.

Mardi 9

Saa sita, batu banakula. Nikapita kusalimia témoin, sababu sasa tunajuana. Ee Mungu! Mustari, nyembamba kama unywele, tangu juu mpaka chini. Imepasuka. Siku ine mbele ya ndoa.

Nikafikiri juu ya Séphora na robe yake imeshonwa. Nikafikiri juu ya camion ya Mulekera. Nikafikiri pia juu ya meno ya Maliro akicheka. Nikatoka mbio.

Ku poste de santé, nikaomba infirmière Myriam plâtre kidogo, ile ya kufunga mifupa. Akauliza ya nani. Nikasema: ya témoin. Sikudanganya hata neno moja. Akasema a, Jephté, masikini, akanipa mufuko nzima, na bande juu yake. Nikarudi, nikatoa témoin ya Ingénieur na kisu, nikapakaa ingine pale pale. Laini! Ile yake ilikuwa kama foufou ya mutu hana bibi. Yangu, unaweza kujiangalia ndani. Nikaandika tarehe na mwandiko nzuri, ile Père alinifundisha nikihesabu ndoo. Nikihesabu matofali, nataka kusema.

Hakuna mutu aliona. Jioni nilikula mara mbili. Mutu moja, mukono moja, kanisa imepona. Maliro alijenga nini mu maisha yake? Choo ya soko.

Jeudi 11

Ingénieur alisimama mbele ya témoin yangu. Mimi nyuma yake, mikono ku mugongo, kama mwenye nyumba. Akasema nzima. Nikasema kazi ya zamani inakazaka. Akasema nzima sana. Akaniomba nimusomee tarehe. Nikasoma kwa sauti: Mardi 9 octobre.

Ole wangu! Kila siku naandika tarehe ya siku mu hii cahier. Mukono ilienda yenyewe.

Nikangoja hasira. Hapana. Akakaa ku banc, akanikalisha pembeni yake, akatoa kofia. Kichwa yake iko na mvi kuliko nilifikiri. Akasema, na naandika vile alisema: "Muzee, témoin haiko ya kupendeza. Kazi yake ni kuvunjika mbele batu bavunjike. Ukiikataza, ni bale banakaa karibu ya ukuta njo batavunjika. Bibi-arusi anakaaka wapi?"

Bibi-arusi anakaaka mbele, upande ya kaskazini. Karibu ya ukuta.

Nikaangalia ile banc ya mbele. Jioni Kanyere alisema kama nikifa, hii njo siku ya kuandika ku musalaba: siku Syauswa alinyamaza.

Kisha Ingénieur akatupeleka mu kona, mimi na Abbé. Ukuta inashuka pale tu, akasema. Maji ya bati yote inaangukia ku muguu yake, udongo imekuwa potopoto, fondation fupi haina kitu ya kukanyaga. Gouttière, ile mufereji ya ku bati, ingekuwa pale, mupasuko haungekuwa. Akauliza gouttière ilienda wapi. Abbé akasema basoda baliibaga, mwaka ya pillage. Bote bakasikitika. Nikasikitika na mimi, kabisa.

Ingénieur akamaliza: atakaza ukuta na miti, na batu bote batakaa nusu moja ya kanisa. Mais bila gouttière, na hii mvua ya kila siku, vendredi jioni anafunga milango. Gouttière ya murefu vile haipatikane mu Butembo, akasema. Nilitazama chini.

Vendredi 12

Asubuhi Séphora alikuja kuteka maji mu tonneau yetu. Akasimama na ndoo. Akaangalia tonneau. Akaangalia juu ya tonneau. Akasema polepole: "Sokulu, hii gouttière yetu ulinunuaga wapi?"

Nikakohoa. Ndani ya jikoni, Kanyere akaacha kutwanga sombe.

Ukweli naandika hapa tu. Ile mwaka basoda balikuwa banabeba bati, bitanda, hata milango na fremu yake. Nikaona gouttière ya kanisa, zinc ya Ubelgiji, inaning'inia bila mutu wa kuitetea. Nikaipokea. Ilikaa ku bati yangu kama ilizaliwa pale. Miaka tatu. Abbé mwenyewe alikunywa maji yake huku kwetu, akasema ni tamu.

Sasa, kuangalia Séphora na macho yake vile... Alikuwa hapana kulia. Alikuwa anangoja tu nijibu. Nikamuambia aende akajaribu robe.

Kuishusha inaomba ngazi, na ngazi murefu iko kwa Maliro peke yake. Nikaenda. Miguu haikutaka, nikaivuta. Nikamuambia: "Maliro, nakuomba ngazi." Akaweka panga chini, akajifuta mikono. "Miaka tatu nangoja uniombe hii ngazi," akasema. Alijua tangu siku ya kwanza! Nikauliza kwa nini hakusema kwa Abbé. Akasema bibi yake pia alikuwa anatekaka maji ku tonneau yetu.

Tukashusha. Tukabeba bipande byote katikati ya soko, saa ine, mbele ya batu bote, mimi mbele, Maliro nyuma. Bakauliza. Nikabaelezea kama nilificha gouttière ya kanisa miaka tatu. Soda anatafutaka chini ya kitanda, mu armoire, mu shimo. Hakuna soda anaenda kutafuta gouttière pale gouttière inakaaka! Bamama bakapiga makofi. Moja akasema batu kama mimi banabakia kidogo. Nilisikia Maliro nyuma anakohoa, sikugeuka.

Abbé Élisée alinishika mukono na hakuuachilia upesi. Akanikumbusha kama confession iko saa kumi. Nikasema saa najua.

Mbele ya jioni gouttière ilikuwa ku kanisa. Ingénieur akamwanga ndoo moja juu ya bati. Maji ikakimbia mbali, mpaka mu mufereji. Akatikisa kichwa kwangu, mara moja tu. Inatosha.

Samedi 13

Siku kubwa! Miti ya eucalyptus ine inashikilia ukuta. Ingénieur ku mulango anahesabu batu, anabasukuma upande ya kusini. Chorale nje chini ya bâche. Ngoma hakuna, ukuta haipende. Nusu ya kanisa wazi, kama wakati ya mutihani.

Séphora aliposema ndiyo, mvua ikapiga bati yote pamoja. Kila mutu akainua macho. Tukasikia maji inapita mu gouttière, inapita, inaenda. Ingénieur akaangalia témoin mupya. Nzima, na hii aliweka mwenyewe, sikuigusa. Séphora akageuka akanitafuta mu banc, akacheka na macho. Témoin ingine, Jephté, akasaini na ya kuume, kidole yake nyeupe imeinuliwa juu kama bendera.

Baba ya bwana-arusi aliniuliza ile miti ni ya nini. Nikasema ni décoration ya zamani, banaiwekaka kwa ndoa ya familia za kwanza tu. Anataka ine kwake Mulekera.

Lundi 15

Juzi ku karamu ya ndoa, Abbé Gérard wa Kayna, mugeni ya curé wetu, alisikia kama mimi njo nilionyesha Ingénieur ugonjwa ya ukuta. Nani alimuambia? Nafikiri ni mimi. Leo akaja kwangu na heshima mingi. Kule kwabo kuna nyumba ya zamani ya bafrère ba misheni, imeanza kupasuka. Alitaka kujua kama labda ninaifahamu.

Kweli nilitaka kusema hapana. Mais mudomo ilikuwa imefunguka mbele yangu. Nikamuuliza: nani aliijenga, kama haiko mimi? Nikamuambia ile ngazi ya ndani, ya kwenda ku étage, njo kazi yangu ya kujivunia. Akawaza. Akasema nyumba iko chini tu, étage hakuna, ngazi hakuna.

Nikasema: njo sababu inapasuka.

Akaandika hiyo mu karatasi. Camionnette inanichukua kesho saa kumi na mbili. Kanyere anafunga biloko yangu, kisha akauliza kama najua Kayna iko upande gani. Nikamuambia chauffeur anajua.