Barua ya Fundi Marko

Jumatatu, 6 Agosti 1951. Kibakwe.
Barua kutoka Dodoma! Ameandikiwa kaka yangu Marko, fundi seremala, asiyejua kusoma hata jina lake. Nikamsomea mimi, Gideoni, mwenye cheti cha darasa la nane na miaka mitatu bila kazi. Shule mpya inamtaka afundishe useremala. Nikasema inanitaka mimi, ukarani. Ulimi uliteleza. Sikuurudisha. Baba, mgonjwa kitandani, alifurahi hadi akakohoa. Akamwambia Marko, "Umeona? Mdogo wako alisoma. Wewe ukang'ang'ania mbao." Marko akanipongeza. Akaniazima koti lake.

Alhamisi, 9 Agosti. Dodoma.
Treni kutoka Gulwe, vumbi hadi masikioni. Shuleni nimejitambulisha kuwa mimi ndiye Marko. Mpango: mimi nieleze, wanafunzi washike randa. Safi kabisa! Mkuu wa shule akataka kwanza nitengeneze kiti. Niliandika ubaoni sifa saba za mbao ya mninga. Akasema vizuri sana, sasa kiti.

Ijumaa, 10 Agosti.
Kiti kimesimama kwa miguu mitatu. Wa nne haukufika chini. Mkuu akakikalia. Loo! Nimefukuzwa kabla ya chai.

Jumapili, 12 Agosti. Kibakwe.
Randa niliisikia tangu njiani. Marko alikuwa uani, anatengeneza jeneza. Baba alifariki jana. Hadi mwisho aliwaambia wageni kwamba mwanawe ni karani Dodoma.
Nilimwambia Marko yote. Randa ikanyamaza. Akauliza, "Baba alijua?"
Nikasema hapana.
Akaendelea kuranda. Jeneza halikuwa na ufa hata mmoja. Nililia, nimekaa juu ya maranda.

Jumanne, 21 Agosti.
Marko alikwenda Dodoma mwenyewe. Amerudi. Langoni walimwambia fundi Marko wa Kibakwe wanamjua tayari, viti vyake wamevionja. Hasemi nami. Kila jioni mkewe, Ruthu, anamfundisha herufi, asisomewe tena na mtu. Mimi nipo hapa hapa, na cheti, wala sikuombwa! Imeniuma.
Lakini msomi hakati tamaa. Nimesikia huko Busi, Kondoa, wanatafuta mtu wa kutibu ng'ombe. Ng'ombe sijawahi hata kumkamua. Cheti ninacho. Naondoka kesho alfajiri, kabla hawajampata anayejua.