Matone Saba Chini ya Gari la Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Siku tukufu! Baba mkwe kasafiri hadi Ijumaa, kaniachia ufunguo nilipashe gari moto kila asubuhi. Nisilitoe nje ya geti. Akirudi ataamua limwendee nani: mimi, au shemeji yangu kinyozi. Mzee kafundisha udereva miaka thelathini, anamtafuta mwenye mkono mwepesi. Nani kama mimi?

Nikapita nalo mbele ya saluni ili shemeji anione. Hakuinua kichwa. Nikapita tena. Mara ya tatu nilimwangalia yeye badala ya barabara, nikapanda jiwe. Kwaa! Hapo akainua kichwa. Nikampungia mkono, kama mtu aliyekusudia.

Bampa limechubuka. Nimelipaka rangi ya kucha ya mke wangu. Safi kabisa.

Jumanne, 4 Machi
Ajabu. Naweka gia, gari linatulia kama linanuna. Moja, mbili, tatu, halafu linaruka! Nimerudia mara tisa hapo hapo uani. Likiwa baridi, linachelewa hadi tatu. Likipata moto, tano. Kwa nini tano? Nimeandika yote nyuma ya daftari.

Mke wangu kauliza shingo imekuwaje. Nimesingizia mto.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwendea fundi gari, kwa miguu. Nikamwambia nina rafiki aliyepanda jiwe. Fundi akasema rafiki huyo aache kuhangaika na bampa. Giaboksi iko chini, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Atandike katoni chini ya gari hadi asubuhi. Tone jeusi ni oili ya injini. Maji matupu si neno. Tone jekundu, basi giaboksi inavuja. Halafu asikilize kama inalia, aone kama injini inanguruma na gari haliendi, anuse kama kuna kitu kinaungua. Akikuta hayo asiliendeshe tena, livutwe hadi gereji, maana kila mwendo unazidi kuiua.

Akauliza kama rafiki ana shingo ngumu kama yangu. Nikasema ana shingo laini sana.

Alhamisi, 6 Machi
Katoni ya sabuni ina matone saba. Mekundu! Nilishangilia peke yangu uani. Kisha nikakumbuka gari ni la nani, nikaitupa katoni kwenye pipa la taka.

Hata hivyo sikuweza kujizuia, nikaliwasha nisikilize. Linalia wiii, sauti nyembamba. Kwenye kimlima cha getini injini ilinguruma, gari likabaki pale pale. Harufu ya kuungua, ipo. Dalili zote! Nimekuwa mtaalamu kwa siku nne.

Nikikiri, litatengenezwa, lakini atapewa shemeji. Hapo nikapata wazo. Gari bovu la nini? Apewe yeye, limfie mikononi, lawama zote zake! Nimelala fofofo.

Ijumaa, 7 Machi
Mzee karudi, kaomba nimzungushe mtaani. Nikafungulia redio kwa sauti kubwa. Akaizima. Akafumba macho njia nzima. Uchovu wa safari, maskini. Tuliporudi akauliza kama gari limenisumbua. Hata chembe, nikajibu. Akasema vizuri sana, akaingia ndani taratibu.

Jumamosi, 8 Machi
Kikao cha familia. Nikasimama, nikasema mkubwa hujinyima, gari apewe shemeji. Mke wangu akafuta chozi. Shemeji naye akaruka juu: hapana, hapana, mwenye kustahili ni mimi, si yeye, hajapata kuona mtu anayelipenda gari namna hii! Nimemtisha kwa ukarimu wangu.

Mzee akacheka hadi akakohoa. Akaniambia, "Lichukue, mwanangu. Wewe na hili gari mnafahamiana tangu Jumatatu." Mtoaji akageuka mpewa! Nikashukuru. Akaniongezea zawadi, galoni la oili nyekundu, limefungwa vizuri kwa kipande cha katoni ya sabuni.

Jumapili, 9 Machi
Mzee hajashtukia kitu! Na ile oili, sijui alijuaje kwamba nitaihitaji. Watu wazima wana bahati ya kubahatisha. Katoni ile ina madoadoa fulani, labda ya duka alikoinunua.

Gari halisogei tena, mbele wala nyuma. Fundi anakuja kesho asubuhi kulivuta. Njia fupi ya gereji inapita nyuma ya soko. Nimemsihi apite mbele ya saluni, polepole, mimi nikiwa nimeshika usukani na kioo nimekishusha. Shemeji asipoinua kichwa, tutazunguka tena.