Vitufe Vyangu na Sauti ya Baba

Jumatatu, 4 Machi

Shangazi kaleta ile kanda! Kanda za bendi yao ya zamani anazo nane, lakini sauti ya marehemu baba imo kwenye hii tu. Jumamosi wanabendi waliobaki wanakutana kwake. Anataka wausikie wimbo ukiwa safi, bila mvumo. Binamu, mwanawe, akajipendekeza: ataufanya yeye, kwa kipanya, taratibu. Kwa kipanya! Nikamwambia shangazi mimi kompyuta naiendesha kwa tableti ya kugusa, vitufe najipangia mwenyewe, kazi ya wiki naimaliza kwa siku. Akasema haya, ila hana baba yangu mwingine popote, niwe mwangalifu.

Tukaicheza, kompyuta ikarekodi. Binamu alivaa spika za masikioni akasikiliza yote, macho yakamwiva. Vumbi, nadhani. Mimi nilikuwa napanga vitufe. Wimbo ulipoisha kanda ikakatika vipande vipande. Basi, kilichobaki ni kilichomo kwenye kompyuta tu.

Jumanne, 5 Machi

Vitufe ishirini na vinne! Kijani kinapunguza mvumo, bluu kinapandisha gitaa, njano kinarudisha mwanzo. Kazi yenyewe sijaianza, lakini tableti inapendeza, acha tu.

Kinasa sauti cha baba kilikuwa na vitufe vitano, vigumu kama kufuli lenye kutu. Aliniacha nibonyeze cha kurekodi kwa vidole gumba viwili, yeye nyuma yangu anacheka. Kilikuwa kinalia ka! Nimemkumbuka mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimejipita. Nimeunda kitufe cha zambarau, nikakiita Safisha. Ukikigusa, kinakata kila kitu kabla ya noti ya kwanza na baada ya noti ya mwisho, kinahifadhi, kinafuta faili la zamani, kisha kinamwaga pipa la taka. Kazi nne, mguso mmoja!

Binamu akaniomba nisikilize kwanza, angalau mara moja. Nikamjibu mwenye wivu ajinyonge. Nikagusa. Sekunde tatu! Nilicheza peke yangu katikati ya chumba, yeye akaondoka akitikisa kichwa.

Jumamosi, 9 Machi

Aibu. Aibu tupu.

Sebule ya shangazi ilijaa wazee. Nikaucheza wimbo: gitaa safi, sauti ya shangazi ya usichana. Mpiga ngoma wao akapigapiga paja kwa kiganja. Shangazi kafumba macho, anangoja. Wimbo ukaisha, bado anangoja. Akaomba nirudie. Nikarudia. Kisha akaniuliza baba yangu yuko wapi.

Nikasema si huyo, gitaa hilo lake! Akasema gitaa kila mtu alikuwa anapiga. Kabla ya wimbo kuanza baba alizungumza naye, na maneno yake hayapo popote tena duniani.

Nilitamani ardhi inimeze. Nimemfuta baba kwa kidole changu mwenyewe! Mpiga ngoma anaangalia viatu vyake.

Binamu akaingiza mkono mfukoni, akatoa flashi. Hamadi kibindoni, akasema. Alinakili faili lote Jumatatu ile ile, kwa sababu ananijua. Akacheza.

Baba akakohoa. Akacheka. Akamwambia dada yake asikimbie, amsubiri kwenye kiitikio.

Miaka kumi na tisa sijaisikia sauti ile. Nililia mbele za watu, kamasi na yote. Shangazi akanishika kichwa, naye analia. Binamu nilimshukuru, shingo upande, lakini nilimshukuru.

Jumapili, 10 Machi

Shangazi kanisamehe. Kanda sita kampa binamu, moja kanipa mimi. Kaniusia nisikimbie, nisikilize mpaka mwisho, ndipo nikate. Maneno mazito. Nimeyatafakari tangu asubuhi, na kosa langu nimelijua.

Vitufe vilikuwa vingi mno! Mtu na vitufe ishirini na vinne, akili itatulia wapi? Nimeviunganisha vyote kuwa kimoja, kikubwa, kinajaza skrini nzima. Kanda ya shangazi ndiyo kwanza inaanza kuzunguka, kidole changu kiko tayari, na sina haja hata ya kuisikiliza.