Povu la Awasi

Hemedi alijikata akinyoa ndevu chumbani kwake Migosi. Akadondosha kwenye kidonda ile dawa ya kusafishia, na damu ikachemka povu jeupe. Mtu mwingine angefuta kidevu akaenda zake. Hemedi aliona ng'ombe.

Wiki hiyohiyo, mwaka wa themanini na sita, soko la mifugo la Awasi likapata daktari: koti jeupe la pasi, sindano, na kigae cha bafuni kilichooshwa kwa heshima ya sayansi. Alichota damu shingoni mwa ng'ombe, akaidondosha kwenye kigae, akatia dawa. Povu!

"Pole. Ugonjwa uko ndani ya damu, na unaruka kwa binadamu."

Hapo ndipo Obiero alipotokea, mchuuzi mwenye huruma, akimnunua mgonjwa kwa bei ya kuku. Sokoni hawa wawili hawakujuana hata kwa salamu. Jioni walijuana vizuri, wakigawana.

Ndipo akapita Mama Dorca, akimpeleka joshoni maksai wake wa kulimia. Josho lenyewe, handaki la maji ya dawa ya kuua kupe, lilikuwa ng'ambo ya ua wa soko. Akashawishiwa apimiwe. Povu!

"Daktari, hii ndio trekta yangu. Mvua iko karibu. Nikiuza hii, nira nifunge shingo yangu?"

"Mama, ukibaki naye utazikwa naye."

"Yawa! Hakuna dawa?"

Hemedi hakupenda kuonekana katili. "Dawa ni josho, azamishwe mpaka masikio. Lakini ni kwa yule aliyewahiwa. Huyu wako amechelewa."

Obiero alikuwa tayari ameshika kamba. Maksai hakumpenda. Alirusha kichwa, akampiga daktari kikumbo, na sindano ikamzama Hemedi kwenye kidole gumba. Tone la damu yake likaanguka kwenye kigae, juu ya dawa.

Povu likapanda kwa furaha, kubwa kuliko la ng'ombe wote.

Soko zima likamgeukia. Hemedi alikuwa na njia mbili: aseme povu si kitu, awajibu wote waliouza ng'ombe zao asubuhi ile, au aseme anaumwa. Akachagua kuumwa.

"Ni kidogo tu," alisema. "Ndiyo kwanza unaanza."

"Basi umewahiwa!" Dorca akapiga kelele. "Wanaume, josho!"

"Jamani, mimi ni mtu!"

"Si ulisema inaruka kwa watu?"

"Mpaka masikio!" mtu akakumbusha. "Ni amri ya daktari."

Walimvua koti kwanza, kwa adabu, wakampa Obiero alishike. Kisha daktari akaingia joshoni, na maksai nyuma yake akimsukuma kwa pembe. Dorca akasema sasa wote wawili wamepona, akaenda kulima.

Hemedi alipotoka, macho mekundu, hakuona Obiero, wala koti, wala ng'ombe wa asubuhi.

Wiki iliyofuata soko la Sondu likapata daktari mpya. Koti lilimbana kidogo mabegani.

Na Migosi wanaapa kwamba tangu siku ile hakuna kiroboto aliyethubutu kuvuka kizingiti cha Hemedi.